Kiti cha Mti Kisichohitaji Msumari

Wakulima wajao ofisini kwetu hapa Busia huuliza habari za mbegu, za mbolea, na za dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hivi karibuni alikuja mzee mmoja wa mashamba ya makazi akauliza jambo jingine kabisa. Alikuwa amenunua viti sita vya plastiki, na kabla ya mwaka kwisha vinne vilikuwa vimevunjika miguu. Alitaka kujua kama ile miti ya lusiola aliyoipanda mpakani mwa shamba lake haiwezi kumpatia viti vya kukalia wageni, naye hana umeme wala mashine, bali ana shoka, panga, na vifaa vichache vya mkono. Nilimjibu ya kuwa yawezekana, tena viti hivyo vyaweza kukaliwa na wajukuu wake. Lakini kazi hiyo ina siri yake, na asiyeijua siri hiyo atapoteza mti wake bure.

Yafaa kwanza niseme jinsi mimi mwenyewe nilivyoijua. Nilipotoka katika mafunzo ya ualimu nilijiona fundi, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kidogo kazi ya mikono. Nikakata mkalatusi mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, nikaupasua, na juma lile lile nikapigilia kiti kwa misumari ya inchi nne. Kilipendeza sana. Mwezi wa Januari baba mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Samia. Nikampa kiti kile, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Aliegemea mara moja tu, mguu wa nyuma ukachomoka, akaanguka chali mbele ya watoto. Kila mtu wa huku kwetu ajua heshima ya mkwe ilivyo. Mzee hakusema neno. Alijikung'uta vumbi, akavuta kigoda cha marehemu babu yangu kilichokuwa pembeni, akakikalia hata jioni alipoondoka.

Kigoda kile, ambacho Waluhya hukiita indebe, na wengine hutamka endebe, kilichongwa katika gogo moja: kikalio na miguu yote ni mti mmoja. Neno hilo ni la zamani na limeenea. Hata mji wa Entebbe, ng'ambo ya mpaka, jina lake latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Indebe haiachani kwa sababu haina kiungo. Ubaya wake ni kwamba hula mti mnene, na zaidi ya nusu ya gogo huwa vibanzi vya kuwashia moto. Tena haina mahali pa kuegemea, na mtu aliyelima tangu alfajiri ataka kuegemea. Kwa hiyo nitaeleza kiti cha vipande, chenye miguu minne na mgongo, na kikalio cha kamba au ngozi. Nilifundishwa na fundi mmoja mzee, jirani yetu, ambaye baada ya kusikia habari za baba mkwe alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia, "Mwalimu, wewe ulimkalisha mkweo juu ya maji."

Maana ya maneno hayo ndiyo siri yenyewe. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Fikiri mti kuwa ni mirija mingi iliyofungwa pamoja kama mzigo wa matete. Maji yakitoka, kila mrija husinyaa ukawa mwembamba, lakini urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana. Hivyo mti ukikauka huwa mwembamba, haufupiki. Kijiti kibichi ukikitia katika tundu leo, kitakaa sawasawa. Lakini kikikauka kitakuwa kidogo kuliko tundu lake, kitacheza, na kiti kitayumba. Msumari hauzuii jambo hili. Msumari haupungui pamoja na mti, basi mti hupasuka pale penye msumari, au tundu la msumari hulegea, na mvua zirudipo hushika kutu.

Sasa geuza mambo. Mguu na uwe na unyevu kidogo bado, kijiti na kiwe kikavu kabisa. Ukikigongomea kijiti kikavu katika tundu la mguu mbichi, kijiti hunywa unyevu wa mguu kikavimba, na mguu nao ukiendelea kukauka hukibana. Baada ya miezi miwili hata ukitaka kuvitenganisha hutaweza, labda uvunje. Hapana gundi wala msumari. Mafundi wa viti katika nchi nyingine nao waliitumia njia hii tangu zamani, maana kukauka kwa mti ni kule kule kila mahali.

Kwa ajili hiyo kazi huanza na vijiti, wala si miguu. Hapa kwetu wakati mzuri ni Desemba hadi Februari, kabla ya mvua ya masika. Vijiti vikatwe Desemba. Miguu ikatwe Februari.

Juu ya aina ya mti, mimi napendelea lusiola, ule wenye maua ya manjano, kwa sababu hukua wima, na mchwa hawaupendi. Mukomari, wenye maua meupe, ni laini kuchonga na wazee waliutumia kwa vigoda na ngoma. Wafaa sana kwa mbao za mgongo. Mvule ni mti wa heshima, lakini kuukata mvule mkubwa kwa ajili ya kiti kimoja ni sawa na kuchinja fahali kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja; tumia masalio yaliyobaki penye kazi ya wapasua mbao. Mkalatusi hupinda na kupasuka ukikauka, nami nimekwisha kueleza. Mti uwao wote, ondoa sehemu nyeupe ya nje iliyo chini ya gamba, kwa kuwa ndiyo yenye wanga, na dumuzi wa mbao huufuata wanga huo kama vile dumuzi wa mahindi afuatavyo punje. Na kabla ya kuangusha mti, hata ulio shambani mwako, muulize chifu na afisa wa misitu. Mbao zitokazo ng'ambo zipite forodhani Busia au Malaba. Ukizipitisha njia za panya waweza kupoteza mbao na fedha pia.

Zana ni hizi: shoka, panga kali, msumeno, tezo, patasi ya nusu inchi, randa kama unayo, keke ya kutoboa tundu la robo tatu ya inchi, nyundo ya mti, futi ya kupimia, guniya, na kabari mbili za mti mgumu. Asiye na keke aweza kutoboa kwa chuma kilichochomwa moto, kama wazee walivyofanya, lakini sharti akwangue makaa yote ndani ya tundu kwa patasi, kwa sababu makaa husagika na kiungo kitalegea. Msasa wa dukani si lazima. Majani ya mti uitwao msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, hulainisha mbao vizuri sana, na karatasi ya dukani ilipewa jina la mti huo.

Vijiti ni vinane. Vinne vya mbele na nyuma vina urefu wa inchi 16¾ kila kimoja. Vinne vya ubavuni vina urefu wa inchi 14¾. Usivikate kwa msumeno kutoka katika ubao. Vipasue kwa shoka na kabari katika gogo lililonyoka, kwa maana kabari hufuata nyuzi za mti, bali msumeno huzikata. Kijiti ambacho nyuzi zake zimekatwa huvunjika siku mtoto atakapokanyaga. Vichonge viwe na unene wa inchi moja na nusu, kisha vifunge pamoja, uvitundike juu ya mafiga jikoni kwa muda wa majuma sita. Moshi utafukuza wadudu. Mwambie mama wa nyumbani mapema, asije akadhani ni kuni. Jambo hili limewahi kutokea nyumbani kwangu, wala sikuwa na haki ya kulalamika.

Utajuaje kuwa vimekauka? Mkulima anajua kuwa mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5 hayapokelewi ghalani. Kwa vijiti hatuna kipimo cha namna hiyo, lakini mizani ya duka yatosha. Pima kile kifungu kila juma na kuandika uzito. Siku uzito utakapokataa kupungua kwa majuma mawili mfululizo, vimekauka. Tena ukigonga vijiti viwili vikavu vitalia kwa sauti kali. Vibichi hutoa sauti nzito. Vikiisha kukauka, vilinganishe: vile vinne vya kikalio viwe na unene wa inchi 1¼, na vinne vya chini inchi moja.

Sasa kata miguu. Miguu miwili ya mbele ina urefu wa inchi 17½, na ya nyuma inchi 36, yote ikiwa na unene wa inchi 1¾ kila upande. Usitumie tawi zima la mviringo. Tawi zima lina kiini katikati, na likikauka hupasuka kuelekea kiini hicho. Pasua gogo lenye unene wa inchi saba au nane vipande vinne, uondoe kiini, kisha uchonge.

Miguu ya nyuma ndiyo inayomshinda mtu. Ikiwa imenyoka wima, mwenye kukaa atakuwa kama askari gwarideni. Fundi mzee alinifundisha atafute mtu gogo lililopinda kidogo lenyewe, kiasi cha upana wa vidole vitatu katika urefu wa inchi 36, na pindo lake liwe karibu na katikati. Gogo hilo hupasuliwa katikati kwa kufuata pindo, na hapo utapata miguu miwili iliyo pacha, iliyopinda sawasawa, pasipo kuchemsha wala kulazimisha mti. Nilizunguka mashamba matatu kulitafuta gogo la namna hiyo, kisha nikaliona nyuma ya choo changu mwenyewe. Ukiisha kuchonga miguu, ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa au majani ya migomba, isije ikakauka kabla hujatoboa. Usikae nayo zaidi ya siku tatu au nne.

Matundu yapimwe kutoka chini ya mguu. Vijiti vya kikalio vya mbele na nyuma: kati ya tundu iwe inchi 16. Vya kikalio vya ubavuni: inchi 15. Vya chini vya mbele na nyuma: inchi 8, vya ubavuni: inchi 6. Angalia kwamba matundu ya mbele na ya ubavuni hayalingani kimo. Yangelingana yangekutana ndani ya mguu, na mguu ungekatika hapo. Kila tundu liwe na kina cha inchi 1¼. Funga uzi mwekundu juu ya keke mahali pa kipimo hicho ili ujue pa kuacha, kwa kuwa mguu una inchi 1¾ tu, na ncha ya keke hupenda kutokea upande wa pili. Mtu mwingine asimame ubavuni akiwa na guniya, akuambie kama keke imelala au imesimama sawa. Nimemtumia mwanangu wa darasa la tano kwa kazi hiyo, naye ana jicho kali kuliko langu.

Katika miguu ya nyuma toboa pia, kwa patasi, matundu marefu ya kupokea mbao mbili za mgongo. Mbao hizo zina upana wa inchi tatu, unene wa nusu inchi, na urefu wa inchi 16, nazo zikauke pamoja na vijiti. Kila ncha huingia robo tatu ya inchi ndani ya mguu.

Ndipo tunafika kwenye ulimi, yaani ile ncha ya kijiti iingiayo tunduni. Urefu wake ni inchi 1⅛, ili ibaki nafasi ndogo ndani ya tundu. Unene wake ni robo tatu ya inchi na unywele mmoja zaidi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu viti vingi huharibikia hapa. Chukua kipande cha mti mgumu mkavu, ukitoboe kwa keke ile ile, na upake makaa ndani ya tundu. Zungusha ulimi ndani yake. Palipopata weusi ndipo panene; kwangua hapo kidogo kwa kisu, ujaribu tena. Ulimi unaoingia kwa mkono bila kugongwa umekwisha kuharibika. Kitupe kijiti hicho, au ukate kiti kidogo zaidi kwa ajili ya mtoto. Ulimi ulio sawa huingia nusu kwa kuzungusha, na nusu iliyobaki hudai nyundo ya mti. Ukigonga, sikiliza: mti hulia kama ndege mdogo. Na kama duara za umri wa mti zaonekana penye ncha ya kijiti, zigeuze zisimame wima kufuata urefu wa mguu. Kijiti kikivimba, huvimba zaidi kwa kufuata mkondo wa duara hizo, na urefu wa mguu waweza kustahimili. Upana wake hauwezi, utapasuka.

Unganisha kwanza miguu miwili ya mbele na vijiti vyake viwili. Kisha ya nyuma pamoja na vijiti na mbao za mgongo kwa mara moja, kwa maana ukisahau mbao za mgongo hutapata tena nafasi ya kuzitia. Acha mafungu hayo usiku mmoja. Siku ya pili yaunganishe kwa vijiti vinne vya ubavuni. Zungusha kamba kuzunguka miguu, tia kijiti ndani ya kamba, ukisokote mpaka kamba ibane. Hiyo ndiyo jiriwa ya maskini, nayo ina nguvu za kutosha. Kabla mti haujashika, simama mbali, ukitazame kiti kwa mbele na ubavuni. Kikiwa kimepinda, kivute sasa. Kesho hakitakubali.

Kiti kikiyumba kwa sababu mguu mmoja ni mrefu, usikate kwa kukisia. Watu hukata mguu huu, kisha ule, kisha huu tena, mpaka kiti kinakuwa kigoda. Kiweke juu ya ubao ulio sawa, utie vibanzi chini ya miguu iliyo mifupi mpaka kitulie. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa nusu inchi, weka kalamu ya risasi juu yake, ukizungushe kila mguu huku kalamu ikiandika alama. Kata miguu yote minne penye alama. Kwa njia hiyo huwezi kukosea.

Kiache kiti kivulini majuma manne kabla ya kusuka kikalio. Usikianike juani, hata ukiwa na haraka.

Kwa kikalio, mkonge uliopandwa kuwa ua wa shamba watosha. Kamba yenye unene wa robo inchi huzungushwa kutoka mbele kwenda nyuma mara 58, ikijaza nafasi ya inchi 14½ iliyo kati ya miguu. Kila mzunguko hula inchi 34 hivi. Kisha husukwa kutoka ubavu hadi ubavu mara 50, kila mara inchi 38. Jumla ni inchi 3,872, yaani karibu mita 98. Sokota mita 110, maana kuna mafundo. Isuke kamba ikiwa kavu na uivute kwa nguvu. Wengi huilowesha wakidhani itabana zaidi, lakini kamba ya mkonge hufupika ikiwa na maji na hulegea ikikauka, kwa hiyo kikalio chako kitakuwa machela.

Ngozi ni kinyume chake. Ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokatwa mikanda ya inchi moja hulowekwa usiku mzima, husukwa ikiwa imelowa, nayo ikikauka hukaza kama ngoma. Lakini hapa nina neno zito. Tumia ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa na nyama yake kukaguliwa. Ng'ombe aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu isiyoganda puani au sehemu ya nyuma, huenda ameuawa na kimeta. Usimchune. Usimpasue. Usikate hata mkanda mmoja. Vijidudu vya kimeta hudumu katika ngozi na udongo kwa miaka mingi, huingia mwilini kupitia jeraha dogo la kidole, na huua watu. Fukuza mbwa na watoto, umwite Daktari wa Mifugo siku ile ile. Hasara ya ngozi moja si kitu.

Mwisho, lainisha kwa majani ya msasa, upake mafuta ya kitani kwa kitambaa. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengine huyapaka kwa kuogopa mchwa, yana sumu kwa ngozi ya mtu na huharibu nguo. Hayafai juu ya kitu cha kukalia. Afadhali weka mawe bapa chini ya miguu ikiwa sakafu ni ya udongo.

Kwa kadiri ninavyojua, mtu mmoja akifanya kazi jioni baada ya shamba humaliza kiti cha kwanza katika majuma matatu, mbali na siku za kukausha. Cha pili huchukua juma moja na nusu. Kwa hiyo Desemba usipasue vijiti vinane tu. Pasua hamsini, uvitundike vyote jikoni, viwe tayari kwa viti sita na viwili vya akiba kwa zile ndimi utakazoharibu. Baba mkwe wangu alikuja tena mwaka uliofuata. Alikitazama kiti kipya, akakitikisa kwa mikono miwili, akakipindua kuona chini, kisha akakaa. Alipokwenda zake aliniuliza kama kipo kingine.